St. Patrick's ya Iten: shule ya umma iliyofundisha mbio kwa ratiba ya darasani

Swali: "Mimi ni mwalimu wa michezo katika shule ya sekondari ya serikali mkoani Manyara, Tanzania. Shule yetu iko nyanda za juu na wanafunzi wangu wana mbio. Kila mara nasikia habari za shule moja ya Iten, Kenya, iliyotoa mabingwa wengi wa riadha. Je, ni shule binafsi ya wamisionari au ni ya umma? Ilikuwaje shule moja ikatoa wakimbiaji wote hao, na kwa nini siku hizi jina lake halisikiki kama zamani? Mkuu wangu wa shule anasema tuombe kwanza fedha za uwanja wa kisasa. Nianzie wapi?"

Jibu: Ndugu Mwalimu, nimelisoma swali lako mara mbili kwa sababu ndani yake mna maswali manne, na lile la uwanja, ambalo watu wengi huanza nalo, ndilo ambalo lingefaa kuja nyuma kabisa. Nitayajibu yote, ila sitayapa uzito sawa.

Wanaosimulia habari za St. Patrick's hutafuta siri moja. Wako wanaosema ni hewa ya mlimani, wako wanaosema ni bruda mmoja kutoka Ireland, na wako wanaosema ni damu ya Wakalenjin. Hewa na bruda vilichangia, na hiyo damu nawaachia wanaoipima, lakini naona kwamba kilichoyafunga mambo haya pamoja ni kitu ambacho hakiwavutii wapiga picha: palikuwa na shule ya bweni yenye masomo mazuri na ratiba isiyoyumba, ambayo mwanafunzi wake aliondoka na cheti kilichokubalika ng'ambo, katika miaka ambayo cheti hicho kilikuwa njia kuu ya mkimbiaji wa Kenya kuvuka bahari. Njia hiyo ilipohamia kwingine, umaarufu wa shule ukaanza kupungua. Nitajitahidi kulionyesha hilo kwa matukio, ili ujue ni lipi unaweza kulichukua nyumbani na ni lipi limepita na wakati wake.

Kwanza kuhusu umiliki. St. Patrick's ni shule ya umma, ingawa haikuanzishwa na serikali. Iliasisiwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, Kenya ikikaribia Uhuru, na mabruda wa Kikatoliki wa shirika liitwalo Patrician Brothers, ambalo lilianzia Tullow, nchini Ireland, mwaka 1808. Mabruda hawa si mapadri, na kosa la kuwaita hivyo ni la kawaida sana: bruda ameweka nadhiri za kitawa lakini hana upadri, na kazi ya shirika hili tangu mwanzo imekuwa ualimu. Kwenu shule za misheni zilitaifishwa mwaka 1969. Huku Kenya, Sheria ya Elimu ya mwaka 1968 iliziweka shule za namna hii chini ya usimamizi wa serikali, na kanisa likabaki kuwa mfadhili, yaani mwenye sauti katika malezi na mila za shule bila kuwa mwenye shule. Walimu huajiriwa na Tume ya Huduma ya Walimu, wanafunzi hufanya mtihani wa taifa kama wenzao wote nchini, na mzazi hulipa karo ya bweni. Kwa hiyo usifikiri kwamba unajilinganisha na chuo cha riadha chenye matajiri nyuma yake, maana shule hiyo ni ya aina moja na yako.

Mji wa Iten, ambao leo ni makao makuu ya Kaunti ya Elgeyo-Marakwet, umekaa kwenye ukingo wa jabali, kiasi cha mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na mbele yake ardhi inaporomoka zaidi ya mita 1,000 hadi kwenye Bonde la Kerio. Katika mwinuko huo kila pumzi huingiza takriban robo tatu tu ya oksijeni ambayo mtu angeipata akiwa pwani. Mwili unaokulia hapo huizoea hali hiyo, nao ukishuka kukimbia mahali pa chini hujikuta na akiba. Hili ni kweli na sitalipuuza. Lakini kwenye ukingo huohuo wa jabali zimetapakaa shule nyingi zinazovuta hewa ileile, na hazikupata majina. Na kwenu nyanda za Mbulu na Karatu zimetoa wakimbiaji ambao dunia inawajua: Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 pale Christchurch mwaka 1974 kwa dakika 3:32.16, na miaka sita baadaye akapata fedha ya Olimpiki mjini Moscow katika mbio za kuruka viunzi na maji. Mlima mnao, na miguu mmeionyesha zamani. Palipopungua si hapo.

Kuhusu bruda mwenyewe, Colm O'Connell, lazima nianze na jambo linalosahaulika: shule ilikuwa na wakimbiaji kabla hajafika. Mike Boit, aliyepata medali ya shaba ya mita 800 katika Olimpiki ya Munich mwaka 1972, alipita katika madarasa hayo. Boit alikwenda kusoma Eastern New Mexico University nchini Marekani, akaendelea na masomo hadi akapata shahada ya uzamivu, na baadaye akarudi Kenya kufundisha chuo kikuu. Kwa hiyo tangu wakati huo mkondo ulikwisha kuchimbwa: kidato, cheti, chuo kikuu cha Marekani. Wavulana waliomfuata hawakuhitaji kuhubiriwa kwamba kusoma na kukimbia vinaweza kwenda pamoja, kwa kuwa walikuwa na mfano wa mtu aliyetoka katika bweni lao.

Colm O'Connell alifika Iten mwaka 1976 kufundisha jiografia. Hakuwa mwanariadha, hakuwa na cheti cha ukufunzi, wala hakukusudia kukaa miaka mingi. Timu ya riadha ilikuwa mikononi mwa Peter Foster, kijana Mwingereza aliyekuwa akifundisha hapo kwa kujitolea, ambaye ni ndugu wa Brendan Foster, mkimbiaji mashuhuri wa Uingereza. Mwaka huohuo Brendan alipata shaba ya mita 10,000 katika Olimpiki ya Montreal. Kenya haikuwako Montreal. Ilisusia pamoja na Tanzania na nchi nyingine nyingi za Afrika, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekubali kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Basi hali ilikuwa hivi: wakimbiaji bora wa Kenya wamezuiwa nyumbani, na katika kiwanja cha shule moja ya Iten ndugu wa mshindi wa medali anawafundisha wavulana kukimbia, huku mwalimu wa jiografia akimsaidia na kutazama. Foster alipoondoka, mwalimu wa jiografia akabaki na timu.

Naona kutojua kwake kulimsaidia kuliko kulivyomdhuru. Kocha aliyewahi kukimbia huwa na mwelekeo wa kuwafundisha wengine jinsi yeye alivyofundishwa, na mara nyingi alifundishwa kwa kuchoshwa. O'Connell hakuwa na hiyo mila ya kuirithisha, kwa hiyo alitazama. Aliwatazama wavulana walivyokanyaga ardhi, walivyobeba mabega, walivyopunga mikono kwenye mlima na kwenye mteremko, kisha akarekebisha kidogo kidogo. Hata miaka mingi baadaye, alipokuwa na mabingwa wa dunia mikononi, sehemu kubwa ya mazoezi yake ingemshangaza mgeni aliyekuja kutafuta jasho. Kundi hukimbia polepole mno, karibu mwendo wa kutembea kwa haraka, mguu wa huyu ukishuka pamoja na mguu wa mwenzake, wote wakiusikiliza mlio wa viatu ardhini, na kocha akiwa kando anamwambia mmoja ashushe mabega na mwingine asiangalie chini. Mwanafunzi anayeshindwa kukimbia vizuri polepole hawezi kukimbia vizuri kwa kasi, kwa sababu kasi hukuza kosa lililokwisha kuwako. Mwalimu yeyote mwenye macho na uvumilivu anaweza kufanya hivi bila shilingi moja.

Sasa nifike kwenye cheti, ambacho ndicho kiini cha jibu langu. Kenya ilikosa Olimpiki ya 1976 na ikakosa tena ya 1980 kule Moscow, ambako Tanzania ilikwenda na kurudi na medali mbili za fedha, ya Bayi na ya Suleiman Nyambui katika mita 5,000. Mkenya aliyekuwa na miaka ishirini wakati huo hakuwa na Olimpiki ya kumtangaza, na fedha katika riadha zilikuwa kidogo, tena kwa kificho, maana mchezo ulikuwa bado wa ridhaa. Mlango uliobaki wazi ulikuwa wa vyuo vikuu vya Marekani, ambavyo vilitoa ufadhili wa masomo kwa mkimbiaji mzuri. Mlango huo haukumpokea mtu mwenye miguu peke yake. Ulidai matokeo ya mtihani, Kiingereza cha kuandikia insha, na mwalimu wa kuandika barua na kujaza fomu. Shule ya bweni yenye walimu wenye bidii ilikuwa na vyote hivyo. Kijana aliyeacha shule darasa la saba, hata kama alikuwa na mbio kuliko wote wilayani, hakuwa navyo.

Ibrahim Hussein ni mfano ulio wazi. Kutoka St. Patrick's alikwenda University of New Mexico kusoma uchumi, na baada ya masomo akageukia marathoni. Alishinda Honolulu mara tatu mfululizo kuanzia 1985 hadi 1987, na mwaka huo wa 1987 akawa Mwafrika wa kwanza kushinda New York. Aprili 1988 alikuwa Boston, na hapa Mtanzania yeyote aliyekuwa na umri wa kusikiliza redio bado anaumia kidogo. Juma Ikangaa alikuwa mbele huku mstari wa mwisho ukionekana. Hussein akamfuata, akampita katika mita za mwisho kabisa, na saa ikasoma 2:08:43 kwa mmoja na 2:08:44 kwa mwingine. Baada ya zaidi ya kilomita 42, Mwafrika wa kwanza kuitwaa Boston alipatikana kwa tofauti ya sekunde moja, na pande zote mbili za sekunde hiyo alisimama mtu wa Afrika Mashariki. Ikangaa alimaliza wa pili Boston miaka mitatu mfululizo, kisha akashinda New York mwaka 1989. Hussein akarudi Boston akashinda tena mwaka 1991 na 1992.

Mwaka huohuo wa 1988, mjini Seoul, mhitimu mwingine wa shule hiyo, Peter Rono, aliingia fainali ya mita 1,500 akiwa na umri wa miaka 21. Naye alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Marekani, Mount St. Mary's katika jimbo la Maryland. Fainali ilienda taratibu, kila mmoja akimchunga mwenzake. Rono alishika uongozi kabla ya kengele ya mzunguko wa mwisho, na hakuna aliyempita tena. Alimaliza kwa 3:35.96, nyuma yake Peter Elliott wa Uingereza na Jens-Peter Herold wa Ujerumani Mashariki, na Steve Cram akaambulia nafasi ya nne. Cram alitoka kaskazini-mashariki mwa Uingereza, eneo lilelile la akina Foster. Mara nyingine nafikiria kwamba mbegu ya mazoezi iliyotoka kule miaka kumi na miwili nyuma, ikapandwa kwenye kiwanja cha shule huko Elgeyo, ndiyo iliyorudi kumnyang'anya kijana wa kule medali. Ni mawazo yangu tu, wala si ushahidi wa jambo lolote, lakini yananifurahisha.

Miaka minne baadaye, Barcelona, Matthew Birir, aliyesoma St. Patrick's pia, alishinda mita 3,000 kuruka viunzi na maji kwa 8:08.84. Patrick Sang na William Mutwol wakamfuata, na Kenya ikachukua medali zote tatu.

Kando ya cheti kulikuwa na bweni. Wewe ni mwalimu, kwa hiyo huhitaji kuelezwa sana: mwanafunzi wa bweni hatembei kilomita kadhaa kwenda nyumbani jioni, hachungi ng'ombe wala kuchota maji baada ya masomo, na anakula saa zilezile kila siku. Masomo yanapokwisha alasiri, saa ya michezo iko kwenye ratiba kama ilivyo hesabu. Kengele ya maandalio ya jioni inamlazimisha kuacha mazoezi hata kama kocha angependa aendelee, na asubuhi kengele nyingine inamwamsha hata kama yeye angependa kulala. Wataalamu wa leo hulipwa fedha nyingi kuwapangia wanariadha mapumziko na usingizi. Bweni liliwapangia bure, kwa nidhamu ya kawaida ya shule. Tena mwanafunzi alikuwa na michezo mingine. Shule ilikuwa na jina katika voliboli, na mashindano ya shule za upili nchini Kenya yamegawanywa kwa mihula, riadha ikiwa na muhula wake na voliboli muhula wake, kwa hiyo kijana hakukimbia kwa ushindani mwaka mzima. Wengi hulipita jambo hili bila kulitazama. Mwili wa kijana wa miaka kumi na sita haufai kushindanishwa miezi kumi na miwili, na kalenda ya shule ilimlinda kabla ya kocha yeyote kufikiria kumlinda.

Likizo ndizo zilizobaki kuwa pengo, na O'Connell alilijaza kwa kuanzisha kambi za Aprili, Agosti na Desemba, shule zikiwa zimefungwa. Mwanzoni zilikuwa za wavulana wake, baadaye zikafunguliwa kwa vijana wa shule nyingine, wasichana pia. Ni kupitia kazi hiyo ya nje ya lango la shule ndipo majina kama Janeth Jepkosgei, bingwa wa dunia wa mita 800 mwaka 2007, yanapohusishwa naye. Hapa nirekebishe kosa ambalo hata waandishi wa habari hulirudia: David Rudisha hakuwa mwanafunzi wa St. Patrick's. Alisoma Kimuron, shule nyingine ya hapo Iten, na O'Connell alimfundisha kama kocha, si kama mwalimu wake wa darasani. Alimkuta kijana wa mita 400 akamwelekeza kwenye mita 800, na mwaka 2012 mjini London kijana huyo akashinda Olimpiki kwa 1:40.91, rekodi ya dunia.

Rekodi ambayo Rudisha aliivunja kwa mara ya kwanza mwaka 2010, hata hivyo, ilikuwa ya mhitimu halisi wa shule. Wilson Kipketer alionwa na O'Connell akiwa mdogo, akaingia St. Patrick's, na mwaka 1990 akaenda Denmark kama mwanafunzi wa mpango wa kubadilishana. Huko akasomea uhandisi, akabaki, na akaanza kuikimbilia nchi hiyo. Alishinda ubingwa wa dunia wa mita 800 mara tatu mfululizo, 1995, 1997 na 1999, lakini Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996 aliikosa kwa sababu uraia wake wa Denmark ulikuwa haujakamilika. Katika kiangazi kimoja cha 1997 aliifikia rekodi ya Sebastian Coe ya 1:41.73 mjini Stockholm, akaishusha hadi 1:41.24 mjini Zürich, na siku kumi na moja baadaye akaifikisha 1:41.11 mjini Köln. Utaona kwamba hata yeye alipitia mlango uleule wa masomo, ingawa hakuelekea Marekani.

Kwa nini basi jina limepungua? Sababu ya kwanza ni fedha, na sisemi hivyo kwa kulaumu. Boston ilianza kutoa zawadi za fedha mwaka 1986. Mashindano ya Dunia yalipofika Athens mwaka 1997, mshindi wa kila mbio alipewa dola 60,000 za Marekani, kwa mara ya kwanza katika historia ya mashindano hayo. Kuanzia hapo kijana wa Elgeyo-Marakwet angeweza kuona njia ya kwenda Ulaya isiyopitia kidato cha nne: wakala, kambi, tiketi ya ndege, mbio za barabarani. Cheti kilikoma kuwa pasipoti. Wakati huohuo kambi za kitaalamu ziliota Iten kama uyoga, na mwaka 1999 Lornah Kiplagat, mkimbiaji aliyekuwa akijijengea maisha kwa mbio hizohizo za barabarani, alifungua hapo kituo cha mazoezi ya mwinuko ambacho hupokea wageni kutoka duniani kote. Umaarufu uliokuwa wa shule ukawa wa mji mzima.

Sababu ya pili ni ya kiutawala, na naiona ina uzito kuliko inavyopewa. Hadi miaka ya 1980 mwanafunzi wa Kenya aliweza kukaa shule ya upili miaka sita, hadi kidato cha sita. Mfumo wa 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya upili na minne ya chuo kikuu) ulioanza mwaka 1985 uliondoa vidato viwili vya juu, na wanafunzi wa mwisho wa kidato cha sita walimaliza mwaka 1989. Kwa mkimbiaji wa masafa ya kati, miaka kati ya 18 na 20 ndiyo ambamo mwili wa kivulana hugeuka kuwa wa mtu mzima. Zamani miaka hiyo iliangukia bwenini, chini ya kengele. Baada ya mabadiliko iliangukia mtaani au kambini. Shule haikufanya kosa lolote. Ilipunguziwa muda wa kukaa na kijana.

Shule bado ina kumbukumbu zake zilizosimama ardhini. Katika uwanja wake ipo miti iliyopandwa kwa heshima ya wahitimu waliofanya makubwa, kila mti na kibao chenye jina, na wavulana hupita katikati yake wakienda madarasani. Mgeni huja kuipiga picha. Kwangu, faida yake ni kwamba mvulana wa kidato cha kwanza anasoma jina na kuelewa kwamba mwenye jina hilo aliwahi kula maharage katika bwalo lilelile.

Nirudi kwako, Mwalimu, na kwa mkuu wako wa shule. Nyinyi mna kitu ambacho Kenya ilikipoteza: kidato cha tano na cha sita. Ikiwa shule yako inavyo, au kama iko shule jirani inayovipokea, basi anza na orodha ya wanafunzi wako wa kidato cha nne wenye mbio, uketi na walimu wa masomo mwangalie ni nani anahitaji kusaidiwa katika hesabu na Kiingereza ili avuke. Vyuo vikuu vya Marekani vinaendelea kutoa ufadhili kwa wakimbiaji, na vinaendelea kudai matokeo. Hii ndiyo kazi ya kwanza, nayo haifanyiki kiwanjani.

Ya pili ni kuandika. Daftari moja, tarehe, jina, umbali, muda, hali ya hewa, na neno moja kuhusu mwanafunzi alivyoonekana. Baada ya mihula mitatu utaona mwenyewe ni nani anapanda na ni nani unamchosha. Ukiwa na wanafunzi wanaokwenda UMISSETA, yaani mashindano ya michezo ya shule za sekondari Tanzania, waache wapumzike wiki kadhaa baada ya mashindano, hata kama wao wenyewe watanung'unika. Na usimpeleke mtoto wa miaka kumi na sita kwenye mbio za barabarani za kilomita 21 kwa sababu kuna bahasha mwishoni. Wengi nimewaona wakirudi na bahasha hiyo na jeraha la goti kwa pamoja.

Uwanja uje mwisho, na usiwe wa fedha za kuomba. Kwa miaka mingi wakimbiaji wa Iten walikimbia katika uwanja wa Kamariny kwenye njia ya udongo mwekundu, na rekodi walizivunja walipofika ng'ambo. Unahitaji eneo tambarare lenye urefu wa kama mita 165 na upana wa mita 80, kamba isiyovutika, vigingi na chokaa. Pigilia vigingi viwili vilivyoachana mita 84.39, hivyo ndivyo vitovu vya kona zako mbili. Kutoka kila kigingi chora nusu duara kwa kamba ya mita 36.60, kisha unganisha ncha za nusu duara hizo kwa mistari miwili iliyonyooka. Umbali hupimwa sentimita 20 nje ya mstari wa ndani wa chokaa, mahali mguu wa mkimbiaji unapotua, kwa hiyo mzunguko mmoja utakuwa mita 400 kamili. Eneo likiwa dogo, punguza urefu wa sehemu zilizonyooka na uandike kwenye daftari mzunguko wako ni mita ngapi. Chokaa itafutika mvua zikinyesha, kwa hiyo viache vile vigingi viwili ardhini, vimezama usawa wa nyasi, ili muhula ujao usianze kupima upya.